Nguo za Jumatatu

Ujumbe uliingia saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Ganzi akiwa magari matatu nyuma ya Hiace nyeupe.

"Nguo za Jumatatu zisifuliwe."

Aliusoma mara moja, akaufuta. Simu yake, Samsung ya zamani yenye ufa kiooni, ikaitumia nafasi hiyo kumkumbusha tena: Hifadhi imejaa. Futa baadhi ya vitu. Akaitupa kwenye kiti cha abiria.

Hiace ikakata kulia bila kuwasha indiketa. Ubavuni iliandikwa kwa rangi ya buluu: VIYOYOZI, UFUNGAJI NA MATENGENEZO. Ganzi alikuwa akiifuata tangu saa mbili, na kwa muda wote huo haikusimama kwenye jengo lolote lenye kiyoyozi. Fundi gani huyo?

Akakata kulia naye. Vitz ya kijivu haina sifa barabarani, ndiyo maana Idara ya Upelelezi ilimpa. Hakuna jambazi aliyewahi kushtuka kwa kuona Vitz kwenye kioo chake cha nyuma.

Redio ya Motorola ikakoroma chini ya dashibodi.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Umeelewa?"

"Sijaelewa kitu. Nguo za nani?"

Upande wa pili alikuwa bosi wake. Walimwita Kiranja kwa sababu hata uzeeni aliandika majina ya wachelewaji.

"Jengo la Mizigo, chumba cha seva," Kiranja alisema. "Lile kontena la dawa bandia lilipita pale. Maboksi yakasambazwa kwenye zahanati arobaini na moja. Jumanne mtu akafuta majina ya zahanati zote kwenye kumbukumbu. Lakini Jumatatu, kabla hayajafutwa, fundi wa seva alikuwa amepiga snapshoti."

"Snapshoti ndiyo nini?"

"Unaniuliza mimi? Muulize mwenyewe, wanamwita Mama Diski. Ninachojua, orodha ya Jumatatu imo humo, na leo kuna mtu anataka ifutwe."

"Dawa yenyewe ni ile insulini?"

"Ndiyo ile," Kiranja alisema. "Sikia, kama hutaki kazi hii, sema. Hakuna atakayekulaumu."

"Niko barabarani," Ganzi alijibu.

Kaka yake alikuwa dereva wa lori. Wiki sita zilizopita alijidunga maji yaliyoandikwa insulini kwa siku nne mfululizo, akafia kwenye usukani, lori likiwa limeegeshwa vizuri kabisa kando ya barabara na injini inanguruma. Ganzi alizika. Akapokea pole, akaosha vyombo vya watu waliokuja kutoa pole, kesho yake akaripoti kazini. Hakulia. Alisubiri kilio kama mtu anavyosubiri chafya, nacho kikagoma. Jina la Ganzi alikuwa nalo tangu mafunzoni, la utani tu. Sasa lilikuwa limemkaa sawasawa.

Na binti wa kaka yake, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa na ugonjwa uleule wa kisukari. Leo saa saba mchana angefungua boksi jipya. Huwezi kumwambia mgonjwa wa namna hiyo aache tu insulini, maana akiacha anakufa, na akijidunga maji anakufa pia. Huwezi kuwaambia wenzake mia mbili wala elfu mbili. Dawa nzuri na dawa bandia zilifanana hadi lebo. Cha kuzitenganisha kilikuwa kimoja, orodha ya zahanati.

Hiace ikasimama kwenye geti la nyuma la jengo la Mizigo. Dereva akashuka na sanduku la vifaa. Mwanamume mwenye tai ya zambarau akatoka ndani, akampa kadi ya mlango, akarudi haraka bila kuaga.

Ganzi akaomba watu kwa redio, akaegesha Vitz mbele ya jengo. Idara ilikuwa imempa kalamu inayokata kioo, kishikizo chenye kamera, bastola ya Glock na diski ya kubebeka ya terabaiti moja. Pia ilimpa kitambulisho cha mkaguzi wa vizima-moto, na hicho ndicho kilichofanya kazi. Mlinzi hakukitazama mara mbili. Hakuna anayetaka maongezi marefu na mkaguzi wa vizima-moto.

Chumba cha seva kilikuwa kwenye ghorofa ya chini, baridi kama friji, makabati marefu meusi yakivuma. Mama Diski alikuwa amekaa mbele ya skrini, sweta mbili mwilini, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vizima-moto viko pale pembeni. Kimoja kimekwisha muda wake, usijisumbue kukitafuta."

"Sikuja kwa vizima-moto. Nimekuja kwa ajili ya nguo za Jumatatu."

Mama Diski akavaa miwani, akamtazama juu mpaka chini.

"Mmechelewa," alisema. "Nilipiga simu kwenu tangu jana asubuhi. Funga huo mlango."

Akageuza skrini. Palikuwa na mstari mwekundu mnene wa kuonyesha diski ilivyojaa, na namba: asilimia tisini na sita.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," Ganzi alisema.

"Haya. Humu kuna kompyuta nne tu za chuma. Ila ndani yake zinaishi nyingine thelathini na mbili zisizo na mwili. Tunaziita mashine pepe. Moja ndiyo inatunza kumbukumbu za mizigo. Jumatatu nilitaka kuifanyia marekebisho, nikapiga snapshoti kwanza. Yaani naiambia: ulivyo sasa hivi, baki hivyohivyo. Kuanzia hapo kila kinachobadilika kinaandikwa pembeni. Waliofuta majina Jumanne wamefuta huku pembeni. Jumatatu yenyewe haijaguswa."

"Na ukiifuta hiyo snapshoti?"

"Yaliyoandikwa pembeni yanamwagwa juu ya Jumatatu. Basi, imekwisha, huipati tena."

"Si kuna bakapu, nakala ya akiba?"

Mama Diski akacheka bila furaha.

"Bakapu inatakiwa iandikwe kwenye kanda kila siku. Ikishindwa, inatuma barua pepe. Barua pepe inamwendea mzee mmoja aliyestaafu mwaka jana. Miezi saba imeshindwa, miezi saba inamwandikia yule mzee, naye yuko kwake anafuga kuku. Nimegundua Jumatano. Jengo zima linaamini snapshoti ndiyo bakapu, na snapshoti inalala kwenye diski ileile. Nyumba ikiungua, zinaungua zote mbili."

Namba ikawa tisini na saba.

"Nini kinaijaza?"

"Kamera. Jana Mkuu wa Kitengo aliamuru kamera zote mia moja themanini zirekodi kwa ubora wa juu kabisa. Eti usalama. Rekodi zinamwagika hapa kwenye diski yangu. Mwenye uwezo wa kuzipunguza ni yeye, na zilizokwisha kurekodiwa zimefungwa siku tisini, hata mimi sizifuti." Akaonyesha karatasi ukutani. "Halafu nisomee pale."

SNAPSHOTI YENYE ZAIDI YA SIKU TATU IFUTWE. DISKI IKIFIKA 98, IFUTWE MARA MOJA.

Leo ilikuwa Ijumaa.

"Ni mjanja," Ganzi alisema. "Hafuti yeye."

"Hawezi. Inataka alama ya kidole changu. Amepanga nifute mimi mwenyewe, kwa kufuata kanuni niliyoiandika mwenyewe." Mama Diski alikaza midomo. "Ikifika mia, mashine zote zinaganda. Mizani, mageti, vyumba vya baridi. Hapo jina langu ndilo litakaloandikwa."

Simu ya mezani ikalia. Akaibonyeza ili Ganzi asikie.

"Mama, naona tisini na saba," sauti ya kiume ilisema. "Umefuta?"

"Bado, Mkuu."

"Kanuni ni kanuni, mama. Usije ukamwaga unga imebaki miezi mitatu ustaafu. Fundi wa viyoyozi anashuka hapo, atakusaidia."

"Fundi wa viyoyozi anisaidie kufuta snapshoti?"

Simu ikakatwa.

Ganzi akatoa diski yake mkobani.

"Terabaiti moja. Beba mashine nzima."

"Mashine nzima ni saa tatu, na hatuna hata nusu saa. Hatuhami na nyumba, mwanangu, tunachukua kabati moja. Kumbukumbu zote za mizigo ziko kwenye faili moja, gigabaiti kumi na moja. Nitaifungua Jumatatu kwa kuisoma tu, tulitoe. Chomeka hapo."

Ganzi alikuwa ameinama kuchomeka waya mlango ulipofunguka.

Fundi wa viyoyozi alikuwa mtu mnene wa kifua, ameshika sanduku lake kwa mkono wa kushoto. Akaliweka chini taratibu. Akalifungua. Badala ya bisibisi akatoa Beretta yenye kizuia sauti.

"Mama, weka kidole pale," alisema. "Wewe dada, toka hapo."

Ganzi hakutoka. Glock ilikuwa kiunoni, mbali sana. Kizima-moto kilikuwa hatua moja kutoka mkono wake wa kulia.

Akakinyakua.

Risasi ya kwanza ikatoboa sakafu. Ya pili hakujua ilikwenda wapi. Akavuta pini, akabana, wingu jeupe likamfunika fundi usoni. Jamaa akarusha ngumi hewani, akakosa, akajikwaa kwenye sanduku lake mwenyewe. Akaanguka na uzito wake wote juu ya meza, juu ya diski ya terabaiti moja. Ganzi akampiga kisogoni kwa chuma cha kizima-moto.

Mara moja ilitosha.

Akamfunga mikono na miguu kwa nyaya za mtandao. Alizifunga vizuri, bila haraka. Mapigo ya moyo wake hayakubadilika, na alijua hayakubadilika.

"Kumbe ndicho hicho kilichokwisha muda wake," Mama Diski alisema. Halafu: "Mwanangu, unatoka damu."

Ganzi akatazama. Mkono wa kushoto wa shati ulikuwa umelowa hadi kwenye saa yake ya Casio. Risasi ya pili ilikuwa imempara begani.

"Hauumi," alisema. Ilikuwa kweli.

Diski ilikuwa imevunjika katikati.

Asilimia tisini na nane.

"Una flashi? Laptopu? Chochote?"

"Humu hairuhusiwi. Na kompyuta zetu hizi ni skrini tupu, hazina diski, kila kitu chake kinaishi mle kabatini. Kabati likiganda, na hizi zinaganda."

Ganzi akatoa simu. Gigabaiti sitini na nne, zimejaa hadi ukingoni. Katika wiki sita alikuwa amefuta kila kitu ili asifute kitu kimoja. Picha zake za mafunzo zilikwenda. Ramani zikaenda, na programu zote ambazo Idara haikumlazimisha kuwa nazo. Kilichobaki, ukiacha vitu vya Idara visivyofutika, kilikuwa folda ya kaka yake, video mia tatu na kumi na mbili, gigabaiti kumi na nne.

Kila safari kaka alirekodi akiwa kwenye usukani, akamtumia. Zote zilianza kwa maneno yaleyale: "Haya wakubwa, tupo hewani." Mara mlima, mara mvua, mara ng'ombe aliyegoma kupisha. Nyingi Ganzi hakuwahi kuzifungua. Alijiambia ataziangalia akipata likizo. Baada ya msiba hakuthubutu.

Akabonyeza folda. Kuchagua moja moja kungekula dakika ambazo hakuwa nazo, akachagua zote. Simu ikauliza kwa adabu: Futa kabisa? Hutaweza kuzirudisha.

Mama Diski alikuwa akichungulia begani kwake.

"Ni nani huyo?"

"Kaka yangu. Aliuawa na dawa hii."

"Una nakala mahali pengine?"

Mama huyo alikuwa ameishi maisha yake yote na swali hilo moja.

"Sina."

"Mwanangu, subiri kwanza. Simu yangu mimi ya tochi, lakini labda pale mapokezi..."

"Hakuna muda. Leta waya, mama."

Akabonyeza. Ilichukua sekunde mbili. Folda ikawa nyeupe. Ganzi alijichunguza haraka, kama mtu anayejipapasa mifukoni, akakuta hakuna kitu.

Waya ukachomekwa. Kwenye skrini kikatokea kimstari cha kijani: dakika tisa.

Mstari mwekundu juu yake ukagonga tisini na tisa.

Mama Diski akapiga hesabu kwa vidole. "Kwa mwendo huu wa kamera, itajaa baada ya dakika sita."

"Kwa hiyo tunapungukiwa na dakika tatu."

"Ndivyo Mkuu alivyopiga hesabu. Ni mzuri sana wa hesabu." Mama Diski akavuta kiti karibu. "Ila hapajui jikoni kwangu."

Akafungua folda moja, ndani yake nyingine, na nyingine tena. Mwishoni kabisa kulikuwa na faili moja lenye ukubwa wa gigabaiti sitini. Jina lake lilikuwa USIGUSE.

"Ndani kuna nini?" Ganzi aliuliza.

"Hakuna. Masifuri matupu. Nililiweka mwaka niliokabidhiwa chumba hiki, likae limeshika nafasi. Mama yangu alikuwa akificha vikombe viwili vya unga chini ya debe, hata baba hakujua. Siku tukiambiwa unga umekwisha, kumbe haujaisha. Nikasema na mimi diski yangu nitaitunza hivyohivyo." Akaweka kidole kwenye kitambuzi. "Leo umekwisha."

Akafuta.

Tisini na tisa ikashuka. Tisini na saba.

Simu ya mezani ikalia papo hapo.

"Imeshuka!" Mkuu alisema. "Umefuta, mama?"

Mama Diski akamtazama Ganzi. Miaka thelathini hakuwahi kumdanganya bosi. Uso wake ulionyesha kwamba alikuwa akiogopa, na kwamba alikuwa akifurahia kidogo.

"Nimefuta, Mkuu."

"Safi sana. Ndiyo uzoefu huo. Fundi yuko wapi?"

"Amejilaza kidogo. Baridi ya humu imemzidi."

"Mwambie anikute kwenye maegesho. Basi nazirudisha hizo kamera zilivyokuwa, zisitujazie."

Mstari mwekundu ukasimama. Mkuu alikuwa ameuzima kwa mkono wake mwenyewe.

Dakika nne. Mbili. Chumba kikavuma. Fundi akakoroma chini ya meza. Kimstari cha kijani kikafika mwisho, na Ganzi akachomoa waya, akatia simu mfukoni.

"Snapshoti usiifute," alisema.

"Nani aifute?" Mama Diski alijibu. "Wakija watu wako na diski kubwa, wataikuta. Nenda kafunge hicho kidonda."

Mkuu wa Kitengo alikuwa maegeshoni, amesimama kando ya Hiace, tai ya zambarau ikipepea. Alimtarajia fundi. Akatokea mwanamke mwenye damu begani, anatembea bila haraka.

Land Cruiser mbili zilikuwa zimekwisha kuziba geti. Watu wa Kiranja wakamshika Mkuu mikono yote miwili.

"Mnanionea!" alipiga kelele. "Simjui mwenye gari hili! Mna ushahidi gani?"

"Ulimpa kadi saa nne na nusu, geti la nyuma," Ganzi alisema. "Iko kwenye kamera. Ubora wa juu kabisa, Mkuu. Na imefungwa siku tisini."

Mkuu akainua macho kuitafuta kamera juu ya geti.

Ndani ya Land Cruiser ya pili, mtaalamu wa Idara akachomeka simu kwenye kompyuta yake. Alifanya kazi kimya kwa zaidi ya saa moja. Ganzi alikaa kwenye ngazi ya gari, mtu akimfunga bandeji. Saa sita na dakika thelathini na moja, orodha ikafunguka. Watu watano wakaanza kupiga simu kwa pamoja, kila mmoja na zahanati zake, na kila mmoja akisema sentensi ileile.

Ganzi alisoma majina kwa kidole. La ishirini na tisa aliliona mara moja. Lilikuwa la zahanati iliyo mtaa wa pili kutoka kwa wifi yake.

Akapiga.

"Wifi, boksi la insulini umelitoa wapi?"

"Si hapa kwetu tu, zahanati ya hapa nyuma. Kwani vipi? Ndiyo anataka kulifungua."

"Asifungue. Wifi, nisikilize, asiliguse kabisa. Nakuja na jingine."

Wifi hakuuliza kwa nini. Alivuta pumzi mara moja, kwa nguvu, na Ganzi akajua ameelewa kila kitu, pamoja na kilichomuua mume wake.

Kiranja alikuwa amesimama nyuma yake na kikasha cha kubebea barafu.

"Boksi hili la insulini halisi limetoka maabara sasa hivi, ndilo la kwanza walilolipima," alisema. "Mpelekee. Na kesho usije kazini."

"Nitakuja."

"Nitakuandika jina."

Ganzi akachukua kikasha, akakifunga mkanda kwenye kiti cha abiria cha Vitz kama mtu. Akaondoka bila kugeuka nyuma. Mtaalamu alikuwa amekwisha kuhamisha faili na kulisafisha simuni. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, simu haikulalamika. Nafasi iliyo wazi: gigabaiti kumi na nne.

Kwenye taa nyekundu ya tatu, ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa binti wa kaka yake. Zamani angeuacha mpaka likizo. Akaubonyeza.

"Haya wakubwa, tupo hewani," mtoto alisema, kwa mvuto uleule, hata na kile kikohozi kidogo cha mwanzo. "Shangazi, sijalifungua. Mama analia jikoni, hataki kuniambia kitu. Njoo haraka, bado dakika ishirini."

Begani, mkono ukaanza kuuma. Uliuma vibaya, kuanzia shingoni mpaka vidoleni, na macho yakamjaa machozi yote ya wiki sita. Ganzi aliyaacha yatoke. Alimlilia kaka yake, na zile video ambazo hakuzitazama, mdomo ukiwa wazi, mbele ya watu waliokuwa wakivuka barabara.

Halafu taa ikawa ya kijani. Akajifuta kwa bandeji, akaweka gia, akaenda.